Nimekikagua cheo cha kununua cha Ufaransa: hati safi, nyota mbili

Ukiwa dalali wa viwanja, watu wanadhani unauza kila kitu. Nimeshaulizwa kuhusu injini ya Fuso, mchumba mwenye dini, mahali pa kaburi penye kivuli, na mara nyingi kuliko nipendavyo, nafasi ya kazi serikalini. "Mzee, wewe unajuana na watu, taja bei tu." Jibu langu halibadiliki. Biashara ambayo anayeuza hana mali, anayenunua hapewi karatasi, na mkikorofishana hakuna wa kuwasikiliza, mimi siigusi. Kijana anaondoka akidhani nimemhubiria. Sikumhubiria, nilikuwa naongelea hati.

Ndiyo maana niliposoma habari za Ufaransa ya wafalme nilikaa vizuri kwenye kiti. Kule, kuanzia miaka ya 1520 hadi usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, cheo cha umma kiliuzwa mchana kweupe na karatasi zote zikatolewa. Ujaji, ukarani wa mahakama, ukusanyaji wa kodi, umeya, mpaka kazi ya kukagua ndimi za nguruwe sokoni. Ulilipa, ukaandikiwa, ukaapishwa. Uliweza kukiweka cheo rehani, kukirithisha, kukigawa kwenye mirathi, hata kumpa mkwe siku ya ndoa. Sheria yao ilikiweka kundi moja na mashamba na nyumba, yaani mali isiyohamishika. Sasa hapo ni nyumbani kwangu. Nimekikagua kama ninavyokagua kiwanja Chanika: nani anauza, hati ikoje, tozo ya mwaka ni kiasi gani, majirani ni watu gani, na siku serikali ikija na rangi nyekundu ya kuweka X ukutani, fidia inapigwaje.

Muuzaji kwanza. Anayeuza lazima awe mwenye mali, na kwa Ufaransa hilo halina ubishi, muuzaji ni mfalme mwenyewe. Francis wa Kwanza alikuwa na vita Italia na hazina tupu, akafungua dawati maalumu la kupokea malipo ya vyeo. 

Linganisha na mauzo ya Roma ya mwaka 193, ambayo watu huyataja kila wanapoongelea kununua madaraka. Tarehe 28 Machi askari walinzi wa kaisari walimuua bosi wao, Pertinax, kisha wakakipiga mnada kiti chake pale ukutani mwa kambi yao. Wateja walikuwa wawili. Sulpicianus, baba mkwe wa Pertinax, yuko ndani ya kambi. Didius Julianus, tajiri, yuko nje. Wapambe wanapeleka bei huku na huku. Sulpicianus akafika sesterce 20,000, sarafu za Kirumi, kwa kila askari, Julianus akapandisha kwa mkupuo hadi 25,000 na kuzionyesha kwa vidole vyake. Mlango ukafunguliwa. Alidumu siku 66. Jenerali Septimius Severus alishuka na majeshi yake kutoka mtoni Danube, Seneti ikamgeuka Julianus, akauawa ndani ya kasri. Inasimuliwa kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa kuuliza amefanya kosa gani, amemuua nani. Kosa lake, mzee wangu, ni kununua kwa walinzi wa geti. Mlinzi ana funguo, hana shamba. Severus alipoingia akawafukuza kazi walinzi wote, kwa hiyo mnunuzi hakuwa hata na mtu wa kumdai chake. Bidhaa ile sitaipa hata nusu nyota.

Hapa kwetu Tanzania nako kulikuwa na kipindi cha takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaja kuvifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Kwa macho ya dalali, takrima ina tatizo la Julianus: unalipa wengi, hakuna aliyekuandikia kitu, na miaka mitano ikiisha unaanza kulipa upya.

Kwa Mfaransa, hati ilikuwepo, ila mwanzoni ilikuwa na shimo baya. Ukitaka kumwachia mwanao au kumuuzia mtu, unaandika kujiuzulu kwa faida yake, kisha lazima uishi siku 40 zaidi. Ukifa siku ya 39, cheo kinarudi kwa mfalme naye anakiuza upya, familia inabaki na majonzi na deni. Nimewahi kusainisha mkataba wodini. Najua jinsi pumzi ya mgonjwa inavyohesabiwa na watu ambao hawamwombei dua.

Shimo hilo lilizibwa Desemba 1604, chini ya Henry wa Nne. Waziri wake Sully aliusukuma mpango, Kansela Bellièvre akaupinga, Sully akashinda. Ukilipa kila mwaka sehemu moja ya 60 ya thamani ya cheo chako, zile siku 40 zinasahauliwa. Ufe leo, ufe kesho, cheo ni cha warithi wako. Mwenye zabuni ya kuikusanya tozo hiyo aliitwa Charles Paulet, na watu wakaiita paulette. Wenye viwanja vilivyopimwa wanaijua hii kwa jina la kodi ya pango la ardhi. Unalipa kidogo kila mwaka ili serikali iendelee kukutambua, ukiacha unajitafutia kufutiwa. Tofauti ni kwamba paulette ilikuwa mkataba wa muda, kwa kawaida miaka tisa, na kila ulipokaribia kwisha mfalme alikaa na wanunuzi kuwakamua upya.

Baada ya 1604 bei zilipaa. Lazima zipae, hati imeshakuwa ya uhakika. Mwaka 1515 maofisa wa mfalme walikadiriwa kuwa kama 4,000. Waziri wa fedha Colbert alipoagiza hesabu miaka ya 1660 walipatikana zaidi ya 45,000, na thamani ya vyeo vyao sokoni ilizidi livre milioni 400, livre ikiwa pesa ya Ufaransa ya enzi hizo. Katika mkutano mkuu wa matabaka wa mwaka 1614, watu wa koo za kifahari walitaka paulette ifutwe, maana watoto wao walikuwa wanapitwa na watoto wa wafanyabiashara. Wawakilishi wa tabaka la tatu, yaani wasio wa koo hizo wala wa kanisa, ambao wengi wao walikuwa ndio hao wenye vyeo vya kununua, wakajibu: sawa, na pensheni mnazolipwa na mfalme nazo zifutwe. Mjadala ukapoa wenyewe. Nimeona mikutano ya mtaa ya namna hiyo.

Mapato je? Mshahara wa cheo ulikuwa kama riba ya pesa uliyomkopesha mfalme, na riba yenyewe ndogo, tena hucheleweshwa. Hakuna aliyenunua kwa ajili ya mshahara. Kulikuwa na msamaha wa kodi, maana vyeo vingi vilimtoa mtu kwenye taille, ile kodi iliyowabana wakulima. Kulikuwa na ada za kila karatasi iliyopita mezani. Na kwa majaji kulikuwa na viungo. Zamani aliyeshinda kesi alimpelekea jaji zawadi ya viungo na peremende. Baadaye zawadi ikageuka fedha taslimu, ikawa ada ya lazima, inakadiriwa na mahakama yenyewe na kulipwa na wenye kesi. Ukiwa na kesi ndefu, jaji anakula vizuri. Bahasha bado, hiyo ni ada ya kihalali tu.

Halafu kuna heshima, na hapa ndipo palipouzika kuliko pengine pote. Cheo cha katibu wa mfalme hakikuwa na kazi ya maana, ila ukikitumikia miaka 20, au ukifia ndani yake, wewe na uzao wako mnakuwa watu wa kifahari. Beaumarchais, mtoto wa fundi saa, alikinunua mwaka 1761 kwa livre 85,000, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa tajiri mmoja aliyempenda. Kufikia miaka ya 1780 kile cha Paris kilikuwa kinakaribia livre 120,000. Huwezi kuniambia hicho ni kibanda. Hiyo ni ploti ya ufukweni. Haizai mahindi, lakini jirani wote wanakuita mheshimiwa.

Mpaka hapa nilikuwa natoa nyota nne. Kisha nikaangalia tabia za muuzaji baada ya mauzo.

Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili ni ugonjwa wa mji huu, kila dalali ana kesi yake. Mfalme wa Ufaransa aliufanya kuwa utaratibu wa serikali. Umenunua kiti cha mhasibu wa kodi, unakaa miaka kadhaa, mara tangazo: kimeundwa cha pili kama chako, mwenzio atafanya kazi mwaka huu na wewe mwakani. Baadaye kinaundwa cha tatu, kila mmoja ana zamu yake mara moja kwa miaka mitatu. Wakafika hadi cha nne. Wenye vyeo mara nyingi walichanga wakanunua wenyewe kile kipya ili kukizika, na bila shaka muuzaji alilitegemea hilo toka mwanzo. Njia nyingine ilikuwa kuwaambia, mshahara wenu umeongezwa, tafadhali leteni mtaji wa hilo ongezeko. Hukuombwa. Ni mkopo wa lazima uliovalishwa shela.

Chini ya Louis wa Kumi na Nne vita viliponoga, vyeo viliundwa kwa ajili ya kuuzwa tu. Wapima makaa, waonjaji wa siagi ya chumvi, wapiga mbiu wa mazishi, na wale wakaguzi wa ndimi za nguruwe niliowataja. Hao wa nguruwe nawatetea kidogo, maana vivimbe vya minyoo tegu vinaonekana chini ya ulimi wa mnyama na mtu akila nyama ile anaumia. Kazi ilikuwa ya kweli. Ila alipewa aliyelipa, hata kama hajawahi kumshika nguruwe mdomo. Waziri wa fedha Pontchartrain anasemekana kumwambia mfalme kwamba kila akiunda cheo, Mungu anaumba mjinga wa kukinunua.

Agosti 1692 ukauzwa umeya wa miji, tena wa kurithishana. Miji iliyokuwa imezoea kuchagua meya wake ililazimika kuchanga fedha ikakinunua cheo kwa mfalme ili iendelee kuchagua. Miaka ikapita, mfalme akavifuta vyeo hivyo, akaviunda tena, akaviuza tena kwa miji ile ile. Sina la kuongeza hapo. Wenzangu tunaouza viwanja tunatukanwa sana, lakini hatujafika huko.

Swali ambalo wateja huliruka ni la jirani, na kwa cheo jirani ni yule mwenye shida anayekuja dirishani. Kiwanja hakimdai mpita njia. Cheo kinamdai, maana mtaji uliotoka mfukoni mwa mnunuzi lazima urudi, na hauna pengine pa kutokea ila kwa mwenye kesi, mkulima anayedaiwa kodi, mama anayetaka cheti. Yeye hakukaa kwenye meza ya mauzo. Hakuulizwa bei. Hiyo ndiyo kasoro ya bidhaa yenyewe, na hati nzuri haiitibu.

Wapo waliokitetea, tena watu wazito. Mwanafalsafa Montesquieu alirithi urais wa mahakama ya Bordeaux kwa baba yake mkubwa mwaka 1716, akauuza mwaka 1726, na katika maandishi yake akasema kwa nchi ya kifalme ni afadhali vyeo vinunuliwe. Hoja yake ilikuwa kwamba visipouzwa kwa sheria, wapambe wa ikulu wataviuza bila sheria, na kwamba familia iliyorithi kazi itaifanya vizuri kuliko kipenzi wa jana. Tena jaji aliyenunua kiti haogopi kufukuzwa. Hilo lilionekana mwaka 1648. Paulette ilikuwa inakwisha muda, na Kadinali Mazarin, aliyekuwa akiongoza serikali, akataka kuirudisha kwa sharti kwamba maofisa wa mahakama za juu waache mishahara ya miaka minne. Mahakama kuu ya Paris alikuwa ameisamehe sharti hilo ili awagawanye. Haikugawanyika. Mwezi Mei majaji wakaungana na wenzao, na kutoka hapo ukazuka uasi wa miaka mitano ambao ulimfanya mfalme mtoto kukimbizwa usiku kutoka Paris. Umemuuzia mtu nyumba, sasa ndiye mpangaji usiyeweza kumtoa.

Kumtoa kulijaribiwa mwaka 1771. Kansela Maupeou aliwapeleka uhamishoni majaji wa Paris, akafuta uuzaji wa viti vyao, akapiga marufuku vile viungo, akaweka majaji wapya wa mishahara. Kwenye karatasi, hii ndiyo dawa tunayoiandikia kila warsha ya utawala bora. Na hapa anarudi Beaumarchais, yule wa livre 85,000.

Mwaka 1773 alikuwa na kesi ya mirathi ya yule tajiri aliyemkopesha, na jaji wa kutoa taarifa ya kesi hiyo katika mahakama mpya alikuwa Goëzman. Beaumarchais alitaka tu kuonana naye. Akaambiwa njia ni mke wa jaji. Akapeleka sarafu 100 za dhahabu ziitwazo louis, kisha saa iliyopambwa almasi, kisha louis 15 ambazo mama alisema ni za karani. Makubaliano: kesi ikishindwa, vitu vinarudi. Alipata kuonana na jaji kwa dakika chache, akashindwa kesi. Mama Goëzman, mtu wa neno lake, akarudisha louis 100 na saa. Zile 15 akabaki nazo. Beaumarchais akaulizia, akagundua karani hakuzipata, akazidai. Jaji akamshtaki kwa kujaribu kumhonga. Mshtakiwa akaandika utetezi wake na kuuchapisha vipande vipande, Paris nzima ikawa inasoma na kucheka, na mahakama mpya iliyoletwa kusafisha rushwa ikawa kichekesho cha Ulaya kwa ajili ya louis 15. Februari 1774 hukumu ikatoka. Beaumarchais na mama Goëzman wote wakavuliwa heshima za kiraia, jaji akapoteza kazi. Mwaka huo huo Louis wa Kumi na Tano akafa, mjukuu wake akawarudisha wale majaji wa zamani pamoja na viti vyao vya kununua.

Nimekirudia kisa hiki mara kadhaa kwa wenzangu kijiweni na hukumu zinatofautiana. Mmoja anasema tatizo ni mama kung'ang'ania 15. Mimi nasema angalia muundo. Viti vilipouzwa, mwenye kesi alilipa jaji kwa ada iliyoandikwa. Vilipoacha kuuzwa, alilipa kupitia mlango wa jikoni. Kilichobadilika ni risiti.

Kabla ya fidia nitaje bidhaa mbili za jirani kwa ajili ya wanaolinganisha. Zanzibar ya Seyyid Said haikuuza ujaji, ila iliikodisha forodha. Nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi Jairam Shivji ilishika forodha kwa miongo kadhaa. Analipa kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, anakusanya ushuru bandarini, ziada ni yake. Tena alimkopesha Sultani, na deni likakua. Huwezi kumnyang'anya funguo za bandari mtu anayekudai. Ni kufuli lile lile la Paris, limetengenezwa Forodhani.

Uingereza waliuza vyeo vya jeshi, kuanzia afisa mdogo wa kikosi hadi luteni kanali, kwa bei elekezi ya serikali. Na wenye kazi yetu mnajua bei elekezi inazaa nini: cha juu. Luteni kanali wa farasi bei yake ya serikali ilikuwa pauni 6,175, lakini Lord Cardigan anatajwa kulipa makumi ya maelfu ya pauni kupata kikosi chake miaka ya 1830. Ndiye aliyewaongoza wapanda farasi kuelekea mizinga ya Warusi pale Balaclava, Oktoba 1854. Mfumo ulifutwa mwaka 1871, na serikali ikawalipa maofisa fidia ikiwemo kile cha juu, ingawa kilikuwa kinyume cha sheria. Shikilieni hilo, maana la Ufaransa ni kinyume chake kabisa, na kwangu ndilo tamu kuliko yote.

Mwaka ule ule wa 1771 serikali ya Ufaransa iliiweka kando paulette na kuleta tozo mpya ya asilimia moja ya thamani ya cheo kwa mwaka. Nani anapanga thamani? Mwenye cheo mwenyewe. Ajikadirie, aandike, asaini. Ila kukawa na mstari mmoja chini: siku cheo kikifutwa, mtalipwa kwa thamani hii mliyoandika.

Mnafikiri waliandika nini? Wale ambao wameshakaa mbele ya mwanasheria na mkataba wa kiwanja cha milioni 60 unaosomeka milioni 20 ili kodi ipungue, wanalijua jibu. Waliandika kidogo. Tozo ya kila mwaka unaiona, kufutwa kwa cheo ni hadithi. Kimekuwepo miaka 250, nani atakifuta? Kwa hiyo tozo ikawa nyepesi na kila mtu akajiona mjanja.

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, katika Bunge la Taifa pale Versailles, wakuu walisimama mmoja baada ya mwingine kutoa haki zao za zamani, na uuzaji wa vyeo ukaenda pamoja nazo. Amri ya siku zilizofuata ilisema wazi kwamba haki itatolewa bure na vyeo vya mahakama na manispaa havitauzwa tena. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba vyeo vya kununua vilikuwa kama 70,000 wakati huo. Wanamapinduzi hawakuwanyang'anya watu mali bila kulipa, wengi wao walikuwa mawakili na wanaheshimu hati. Wakafungua mafaili. Wakatoa zile karatasi za 1771. Wakalipa kwa thamani iliyoandikwa.

Mtu amenunua cheo chake kwa bei ya soko ya 1785 kwa fedha za kukopa, muuzaji wake alikuwa amejikadiria theluthi, fidia inakuja theluthi. Na inakuja kwa noti mpya za assignat, zilizowekewa dhamana ya mashamba ya kanisa yaliyotaifishwa. Aliyelipwa mapema akakimbia kununua shamba kwa noti hizo alitoka salama, na wapo waliotoka na faida. Aliyezikunja kusubiri mambo yatulie alikuwa na karatasi isiyofika asilimia moja ya thamani yake kufikia mwanzo wa 1796. Hapa nawapongeza wale wa mapema. Ukilipwa fidia kwa noti, nunua ardhi siku hiyo hiyo.

Basi hesabu yangu. Hati: nzuri kuliko yoyote niliyoisoma kwa bidhaa ya aina hii. Muuzaji: mwenye mali halali, mwizi wa tabia. Kipato: kizuri ukiwa jaji, kibaya ukiwa mwonja siagi. Kuuzika tena: kwa karne mbili hakina mpinzani. Fidia: ulichoandika ndicho utakacholipwa. Kwa mnunuzi ningetoa tatu, na moja naiondoa kwa ajili ya yule wa dirishani ambaye hakuna hakiki inayomuuliza alionaje. Zinabaki mbili. Vijana wanaonipigia simu kuhusu nafasi za kazi hawauziwi hata hicho cha nyota mbili. Wanauziwa toleo la Roma, na mlinzi wa geti.

Kwa anayependa vitu vya zamani, kipande kimoja bado kiko sokoni. Sheria ya fedha ya tarehe 28 Aprili 1816 iliwapa manotari (wanasheria wa kuthibitisha mikataba), madalali wa mahakama na makarani kadhaa haki ya kumpendekeza mrithi wao kwa serikali, na kwa vitendo mrithi huyo ndiye anayelipa. Notari wa Ufaransa hadi leo anaweza kumwachia mwenzake ofisi kwa bei, Waziri wa Sheria akishamkubali, na anayeingia lazima awe na shahada na mafunzo. Mwaka 2014 muswada wa kuilegeza kazi hiyo ulipoandaliwa, manotari waliandamana Paris. Sheria ikapita 2015, na mikoa yenye upungufu ikafunguliwa kwa notari mpya kuingia bila kununua kiti cha mtu. Toleo hili nalipatia nyota tatu na nusu. Mashimo yake mengi yamezibwa, ada zimepangwa na serikali na zimebandikwa mahali mteja anaziona, na ukitaka kujua mwenzio alilipa nini, mkataba upo.